Naomba ushauri: nyama ipi ni bora kwa protini ya mbwa wangu?

Mleta mada:
Wanajamvi, nawasalimu. Nina mbwa wa uzao mkubwa ninayempenda sana, na nimeshindwa kuamua kama nimlishe nyama ya ng'ombe, kuku au samaki ili apate protini ya kutosha. Kila ninayemuuliza ana jibu lake, nami sasa nakosa usingizi. Nitajieni nyama moja tu iliyo bora.

Mfugaji Mkongwe:
Chagua samaki. Mbwa wangu aliwashwa miguu na masikio kwa muda mrefu, nasi tukailaumu nafaka, kumbe mzio wa chakula kwa mbwa hutokana mara nyingi na protini za ng'ombe, maziwa na kuku. Tulimpa samaki na viazi pekee kwa wiki 8, bila hata kipande kidogo cha kitu kingine, na ngozi ikatulia. Tulipomrudishia kuku, akaanza kujikuna upya. Hakikisha samaki amepikwa na kutolewa miiba.

Mama Mlezi:
Mimi nasikitika kuona watu wanachukua kiumbe hai kabla hawajajua kinakula nini. Mbwa si pipa la makombo. Vitunguu, vitunguu saumu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Tabibu wa Mifugo:
Mleta mada, swali lako halijibiki hivi hivi. Mbwa ana umri gani, anakula nini kwa siku nzima, na ni jambo gani lililokutia wasiwasi sasa?

Mleta mada:
Ana miezi 4. Anakula nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, asubuhi na jioni, wala simchanganyii kitu, kwa sababu mbwa ametokana na mbwa mwitu, na huko porini hakuna anayempikia wali. Akiba ya nyama nimeshanunua ya kutosha. Siku hizi anachechemea mguu wa mbele, lakini naamini aliteguka akicheza, ndiyo maana sikuona haja ya kulitaja.

Tabibu wa Mifugo:
Hilo ndilo lililopaswa kutangulia. Protini haimpungukii hata kidogo. Kinachompungukia ni kalsiamu. Mnofu mtupu una fosforasi zaidi ya mara kumi ya kalsiamu, ilhali mbwa anayekua anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au iizidi kidogo. Kalsiamu ya damu inapotaka kushuka, tezi ndogo zilizo shingoni hutoa homoni inayoichota kutoka mifupani, na mifupa hulegea mpaka inaweza kuvunjika kwa mruko mdogo tu. Kuhusu mbwa mwitu, yeye hula windo pamoja na mifupa na maini yake, si steki. Tena, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mbwa wa kufugwa humeng'enya wanga vizuri kuliko mbwa mwitu. Mpeleke kwa daktari apigwe eksirei.

Jicho Kali:
Wenzangu, mnapoteza muda. Huyu alianza na mbwa mkubwa, sasa ni wa miezi 4. Alianza na uchaguzi wa nyama, sasa kuna mguu mbovu. Habari hii imetungwa ili tubishane.

Mleta mada:
Nilisema uzao mkubwa, sikusema mbwa mkubwa. Soma tena. Mbwa huyu amelala miguuni pangu, na singeweza kutunga namna anavyolia akiinuka.

Mfugaji Mkongwe:
Hata kama imetungwa, yupo msomaji mwingine anayelisha mnofu mtupu. Mimi ningeongeza unga wa maganda ya mayai.

Tabibu wa Mifugo:
Si kwa kukisia. Mbwa mchanga hana uwezo wa kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na kwa uzao mkubwa ziada hiyo nayo hupotosha ukuaji wa mifupa. Tafuta chakula kamili ambacho lebo yake inasema kinafaa kwa watoto wa mbwa wa uzao mkubwa. Viwango vya Marekani vinataka protini isiyopungua asilimia 22.5 ya uzito wa chakula bila kuhesabu maji yake kwa mbwa anayekua, na 18 kwa aliyekomaa. Ikifikiwa, iwe ya kuku au ya samaki, si hoja kubwa kwa mbwa asiye na mzio.

Mleta mada:
Nimepata nafasi kwa daktari kesho asubuhi. Bado naamini nyama si adui. Je, hii akiba niitupe?

Tabibu wa Mifugo:
Usiitupe, igandishe. Daktari akiridhika na mifupa yake, utampa kidogo iliyopikwa, isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayokula kwa siku. Usiku huu mzuie asiruke wala kupanda ngazi, na kesho mbebe, usimtembeze.