Naomba ushauri: wiki nne za mafunzo ya afya ya watoto kimataifa, niende Marekani au nirudi Pemba?

Daktari_wa_Konde:
Assalaam alaykum. Mimi ni daktari, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya magonjwa ya watoto Dar es Salaam, na kwetu ni Pemba. Nimepewa wiki nne za kujichagulia pahala pa kujifunza afya ya watoto kimataifa, yaani namna maradhi yao yanavyofungamana na umaskini, maji, lishe na mpango wa huduma wa kila nchi. Hospitali moja kubwa ya watoto ya Marekani imekubali kunilipia nauli na malazi. Njia ya pili ni hospitali ya wilaya huku nyumbani. Muda wa kuamua unakaribia kwisha na moyo wangu hautulii.

Mtembezi_Wete:
Wa alaykumu ssalaam, Dokta. Nenda, na uchukue koti zito, maana baridi ya kule haimwonei huruma aliyezoea jua la Konde. Viza uianze mapema. Binamu yangu alingojea mpaka safari yenyewe ikapita.

Baba_Wawili:
Mimi nitasema ninalolijua. Mwanangu alishikwa na degedege usiku, tukamkimbiza hospitali. Daktari kijana aliyekuwa zamu alimlaza ubavu, akamtoboa kidole na kumpima sukari kabla hata hatujamaliza kueleza, na kweli sukari ilikuwa imeshuka. Mtoto yule sasa yuko skuli. Sisi wazazi hatuulizi daktari amesomea wapi, tunataka awe anajua la kufanya mwanzo.

Mama_Nesi:
Mwanangu, lililo kubwa hujalisema. Huko utamgusa mgonjwa, au utatazama tu?

Daktari_wa_Konde:
Kwa kuwa umeniuliza, Mama, nitasema. Nitakuwa mtazamaji. Sina leseni ya kule, kwa hivyo sitampima mtoto, sitaandika dawa wala sitachoma sindano. Hata hivyo, kutazama nako ni kujifunza: nitaona wanavyowalea watoto njiti na wanavyokaa kujadili kila kifo bila ya kutafuta wa kulaumiwa. Na barua ya kukubali nimeshaipeleka.

Mama_Nesi:
Basi hukuja kutaka ushauri, mwanangu, umekuja kutaka radhi.

Karafuu_Kavu:
Serikali inasomesha, wenzetu wanavuna. Anayekwenda kutazama leo, kesho atatafuta kazi huko huko, na wadi zetu zibaki na wauguzi peke yao. Mcheni Mungu.

Mchunguzi_Mkoani:
Ndugu zangu, mimi kisa hiki nakitilia shaka. Nauli ya bure ni mlango wa matapeli, na kesho atakuja mtu hapa kutuuzia fomu. Kama kweli wewe ni daktari wa watoto, nijibu hili: mtoto wa miaka miwili ana homa, amelegea, viganja na nyayo zake ni baridi. Utammiminia maji ya mshipa kwa kasi, au hutammiminia?

Daktari_wa_Konde:
Nitakujibu. Kwanza hewa ya oksijeni, sukari na kipimo cha malaria, na ninamtazama kama ana utapiamlo mkali au upungufu mkubwa wa damu. Kisha nabonyeza ukucha wake mpaka uwe mweupe, naachia, nahesabu. Damu ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, viungo vikiwa baridi, na mapigo yakiwa dhaifu na ya kasi, hiyo ni shoki, yaani damu haivifikii viungo vya kutosha, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wao wa 2016 unasema mwenye dalili zote tatu apewe mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, katika dakika 30 hadi 60. Asiyetimiza zote tatu hamiminiwi kwa kasi, na wewe umenitajia moja tu. Mtoto wa kuharisha aliyekaukiwa maji ana hesabu yake nyingine.

Sababu ni utafiti wa FEAST uliochapishwa 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu. Katika saa 48, waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa kiasi cha 10.5 kwa kila 100, na wasiomiminiwa 7.3. Wakati ule hospitali za nchi tajiri zilikuwa zikifundisha kumimina.

Mchunguzi_Mkoani:
Niwie radhi, Daktari, nimeridhika. Lakini hebu lisome tena jibu lako. Somo kubwa kuliko yote uliyoyataja limetoka katika wadi kama zetu, nawe unalifuata kwengine.

Mama_Nesi:
Wala si hilo tu. Hapa hapa Pemba watoto wadogo walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa majaribio, na 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa, kwa sababu waliopewa walilazwa au kufa zaidi kuliko wenzao, wakati huo malaria ikiwa nyingi. Matokeo yalichapishwa 2006, na dunia ikalazimika kuutazama upya ushauri wa kuwapa chuma watoto wa nchi za malaria.

Daktari_wa_Konde:
Nayakubali yote mawili, Mama. Ila mimi nataka kujua maswali kama hayo yanaulizwa vipi, na nani anakaa mezani yanapopangwa. Hilo silioni nikiwa zamu na watoto wawili kitanda kimoja.

Mama_Nesi:
Kama ni hivyo nenda, lakini usiende mkono mtupu. Waandikie leo, kabla hujapanda ndege, uwaombe wakuingize katika vikao vya kujadili vifo na katika mazoezi ya kutibu wanasesere badala ya wagonjwa, ambako leseni haihitajiki. Kisha uwaambie kwamba daktari mwanafunzi wao yeyote atakayekuja Pemba kujifunza naye hatamgusa mtoto wetu bila ya usajili wa hapa na msimamizi wa hapa kusimama ubavuni mwake. Nimefanya kazi wadini umri wangu wote, na nimewaona wageni wakiachiwa sindano ya uti wa mgongo ambayo kwao wasingeruhusiwa kuishika peke yao.

Daktari_wa_Konde:
Sharti hilo nitaliandika usiku huu, na wakilikataa nitaiondoa barua yangu. Wakilikubali, nitaomba mgeni wao wa mwanzo aje wakati nikiwa nimesharudi, niwe mimi msimamizi wake.