Tunaotapika safarini, tupeane uzoefu

Binti_Kibosho: Jana stendi ya Moshi mtoto kashushwa kwenye Kosta kalowa matapishi, konda anafoka, mama mtu anafuta siti kwa khanga yake. Nimeumia. Mimi kwenda Arusha tu, kilomita 80, roho ilikuwa inachafuka kabla ya Boma Ng'ombe. Mliopona mlifanyaje?

Mama_Wawili: Limao. Kwaruza ganda, nusa.

Tengeru_Sokoni: Limao halijanisaidia hata siku moja. Kaa mbele, fungua dirisha, angalia mbali.

Kaka_Himo: Kalia gazeti. Bibi alinifundisha, sijatapika tena.

Nesi_Usa: Gazeti halina kazi hapo ndugu yangu. Sikio la ndani linahisi gari linakata kona, macho yako kwenye simu yanaona umetulia. Ubongo unapata habari mbili, tumbo linageuka. Dawa umeze kabla ya kupanda, ukishaanza kutapika inatoka nayo. Na promethazini, mojawapo ya dawa hizo, msiwape watoto wa chini ya miaka 2.

Kaka_Himo: Bibi alifika Mombasa na gazeti lake. Usimdharau.

Mkwe_Lushoto: Ngoja niseme yangu. Tulikuwa tunapeleka barua ya posa Lushoto, Noah moja, wazee watano na mimi. Asubuhi Moshi nilikunywa mtori bakuli mbili. Mpaka Mombo nilikuwa mzima. Ikaanza ile barabara ya kupanda Soni, kona juu ya kona, mwamba huku, korongo kule. Mate yakajaa mdomoni. Nikaona aibu kumwambia baba mdogo asimamishe gari. Kilichonitoka kiliingia chote kwenye mkoba wa mshenga, na barua ilikuwa humo! Hakuna aliyesema neno. Soni mshenga akashuka, akanunua daftari, akaiandika upya juu ya boneti. Mpaka leo nikikutana naye siwezi kumtazama usoni.

Mama_Wawili: Weee! Posa ilipokelewa?

Konda_Mstaafu: Semeni mapema, gari litasimama. Zamani tuligawa rambo, tangu zipigwe marufuku Juni 2019 abiria hana pa kukimbilia. Bebeni kopo la mfuniko.

Binti_Kibosho: Mtoto wa miaka mitatu aseme mapema vipi? Yule konda alikosea, msimtetee.

Mama_Wawili: Mkwe, tunasubiri.

Mkwe_Lushoto: Ilipokelewa. Mama mkwe aliniona tu nilivyopauka, akaniletea chai ya tangawizi kabla wazee hawajakaa.

Tengeru_Sokoni: Tangawizi mnachemsha au mnatafuna mbichi? Ijumaa naenda Dar.