Michael Eisner wa Disney: aliijenga kampuni au alijijengea ufalme?

Mleta mada:
Wakuu, wiki nzima nabishana na rafiki yangu kuhusu Michael Eisner, aliyeiongoza kampuni ya Walt Disney tangu Septemba 1984 hadi Septemba 2005. Yeye anamhesabu kati ya mabosi bora waliowahi kupita kwenye biashara ya burudani. Mimi namwona kama mtu aliyekabidhiwa kampuni ya wanahisa akaigeuza shamba lake. Hatujaelewana, kwa hiyo nauleta ubishi wetu hapa.

Nianze na yale nisiyoyabishia. Eisner aliikuta Disney ikiyumba. Walt alishafariki tangu 1966, studio ilikuwa imepoteza mvuto, na mwaka uleule wa 1984 tajiri Saul Steinberg aliinyemelea kampuni hadi ikabidi alipwe ndipo aachie hisa zake. Mapato ya mwaka hayakufika dola bilioni 2. Alipoondoka yalishapita bilioni 30. Katikati hapo kuna The Little Mermaid ya 1989, Beauty and the Beast ya 1991, The Lion King ya 1994, na ununuzi wa Capital Cities/ABC, kampuni ya televisheni, kwa dola bilioni 19. Hayo hayafutiki.

Ila mimi simpimi kwa mapato, nampima kwa bodi yake. Bodi ya wakurugenzi ipo ili imwambie bosi "hapana" kwa niaba ya wenye hisa. Sasa tazameni waliokaa pale miaka ya 1990. Mwanasheria wake binafsi, Irwin Russell, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya malipo ya wakubwa. Msanifu majengo ambaye kampuni ilikuwa ikimpa kazi. Mkuu wa shule waliyosoma watoto wake. Rais wa chuo kikuu alichosoma mwanawe. Jarida la BusinessWeek liliwahi kuitaja kuwa bodi mbovu kuliko zote Marekani. Mtu anayetaka kuambiwa ukweli hajizungushii watu wa namna hiyo. Yaliyofuata yote, la Ovitz likiwemo, naona yalianzia hapo.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu, umeletewa chakula kitamu, wewe unahukumu viti. Aliyenunua hisa za Disney mwaka 1984 akazishika miaka kumi hakuwahi kulalamika kuhusu mkuu wa shule. Na huyo Ovitz, siku jina lake lilipotangazwa Agosti 1995 bei ya hisa ilipanda. Soko zima lilimtaka. Leo kila mtu anajifanya aliona mbali.

Tena bodi hiyohiyo mnayoiita ya vibaraka, Februari 2004 ilikataa kuiuza kampuni kwa Comcast, kampuni ya televisheni za kebo, kwa takriban dola bilioni 54. Nani leo anasema walikosea?

Mchangiaji wa 3:
Samahanini, Ovitz ndiye nani? Wengine tumezijua katuni tu, wakubwa wake hatuwajui.

Mchangiaji wa 4:
Ngoja nimjibu huyu, maana kesi ile niliisoma kwa makini.

Michael Ovitz alikuwa wakala wa waigizaji mwenye nguvu kuliko wote Hollywood, na rafiki wa Eisner wa karibu miaka 25. Oktoba 1995 akaanza kazi kama rais wa Disney, yaani namba mbili. Desemba 1996 akatolewa. Miezi 14. Mkataba ulisema kwamba akiondolewa bila kosa zito atalipwa fedha taslimu, na juu yake abaki na haki ya kununua hisa milioni 3 kwa bei iliyokwisha pangwa. Kiinua mgongo chote kikafika takriban dola milioni 130, wengine wanasema 140. Kwa kazi ya mwaka na ushee ambayo Eisner mwenyewe aliona imemshinda mwenzake.

Wanahisa wakashtaki katika jimbo la Delaware, ilikosajiliwa kampuni. Kesi ikasikilizwa siku 37, na Agosti 2005 Kansela William Chandler, jaji wa kesi hiyo, akaamua kwamba wakurugenzi hawakuvunja wajibu wao kisheria. Mahakama ya Juu ya jimbo ikakubaliana naye Juni 2006. Mashabiki wa Eisner hupenda kuishia hapo. Lakini uamuzi wenyewe unauma. Chandler aliandika kwamba mwenendo wa viongozi wale ulikuwa mbali sana na unavyotakiwa uwe, na kwamba Eisner alijitawaza kuwa mfalme mwenye uwezo wote, asiyekosea, wa himaya yake binafsi. Kwa sheria ya Delaware mahakama haipimi kama uamuzi wa biashara ulikuwa wa busara. Inaangalia kama ulifanywa kwa nia njema na bila kujinufaisha. Ukishakuwa na nia njema, hata ujinga unasamehewa. Kwa hiyo sheria haikumshika, na jaji hakumsafisha.

Kitu kingine. Kikao cha kamati kilichopitisha masharti ya Ovitz kilichukua takriban saa moja, tena kikiwa na ajenda nyingine mezani. Kuna watu hutumia muda mrefu zaidi kuchagua viatu.

Mchangiaji wa 5:
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sina la kuongeza.

Mleta mada:
Methali imempata, lakini tuulize nani alikuwa msifiaji. Ni haohao waliopanga malipo yake. Mwaka 1997 peke yake alivuna zaidi ya dola milioni 500 kwa kutumia haki zake za kununua hisa kwa bei ya zamani. Ukipewa nusu bilioni na watu uliowaweka wewe, utaanzaje kuamini kwamba umekosea?

Mchangiaji wa 2, hiyo miaka kumi ya hisa nimeisikia. Mimi naihesabu hivi: 1984 hadi 1994 ni miaka aliyokuwa na Frank Wells. Wells aliingia pamoja naye akiwa rais wa kampuni, na ndiye aliyekuwa mtu wa kumvuta shati. Aprili 1994 akafa kwenye ajali ya helikopta huko Nevada. Julai Eisner akapasuliwa moyo. Jeffrey Katzenberg, aliyekuwa akisimamia studio, akataka nafasi ya Wells, akanyimwa, akaondoka, akaanzisha DreamWorks pamoja na Steven Spielberg na David Geffen. Kisha akaishtaki Disney akidai bonasi yake. Mwaka 1999 kampuni ikamlipa wamalizane, kwa kiasi kilichokadiriwa kupita dola milioni 250. Katika kesi hiyo yakaanikwa hadi maneno ya Eisner ya kumdhihaki mwenzake kwa ufupi wake. Hapo umaskini wa nidhamu ulikuwa wa kampuni au wa mtu mmoja asiye na wa kumkanya?

Mchangiaji wa 6:
Hapa kwa Wells nakupinga, ingawa Eisner mwenyewe simpendi.

Mnamfanya Wells malaika kwa sababu alikufa mapema. Euro Disney ilifunguliwa nje ya Paris Aprili 1992, Wells akiwepo. Ilimeza hasara hadi mwaka 1994 ikabidi madeni yapangwe upya na mwanamfalme wa Saudi Arabia, Al-Waleed bin Talal, aingize fedha zake. Alisema "hapana" gani kule? Na mwaka 1985 wachoraji wa katuni waliondolewa kwenye jengo lao la Burbank, jengo alilolijenga Walt kwa ajili yao, wakapelekwa kwenye maghala ya Glendale ili kupisha watu wa filamu za kawaida. Wells alikuwepo pia.

Katuni zilipona kwa sababu Roy E. Disney, mtoto wa kaka yake Walt, aliomba idara hiyo apewe yeye aisimamie. Fedha za miaka ya kwanza, ambazo ndizo zilizompa Eisner jina, zilitokana zaidi na kupandisha viingilio vya bustani na kuuza filamu za zamani za Walt kwenye kaseti za video. Alifungua ghala la babu wa watu akauza akiba. Si kosa, ni biashara nzuri, ila tusiite ubunifu.

Kinachoniuma mimi ni mwisho wake. Januari 2004 studio ya katuni ya Florida ikafungwa. Wachoraji wa mkono, watu waliofanya kazi hiyo maisha yao yote, wakaambiwa zama zao zimepita. Kabla ya hapo walishawekwa kutazama filamu zao zikifanyiwa mwendelezo wa bei nafuu moja kwa moja kwenye video. Mwezi huohuo Pixar ya Steve Jobs, studio ya katuni za kompyuta ambayo filamu zake zilisambazwa na Disney, ikatangaza kuvunja mazungumzo ya kuendeleza ushirikiano huo. Kwa hiyo aliwaondoa wachoraji wake, na waliokuwa wakimlisha nao wakaondoka.

Mchangiaji wa 2:
Na huyo Roy ndiye aliyemleta Eisner! Mwaka 1984 yeye na mwanasheria wake Stanley Gold ndio waliomng'oa Ron Miller, mkwe wa Walt, ili Eisner aingie. Mwaka 2003 Roy, akiwa na miaka 73, akaambiwa amevuka umri wa kukaa kwenye bodi, ambao mwisho wake ulikuwa 72. Akajiuzulu na barua kali akisema watu sasa wanaiona kampuni kama yenye uchu na isiyo na roho. Mimi naona hasira ya mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba ya ukoo wake. Msiipambe kwa jina la uadilifu.

Mchangiaji wa 7:
Nimesoma mpaka hapa, na mambo yote ni ugomvi wa matajiri. Nani alimwajiri nani, nani alinyimwa kiti. Kama mada ni uadilifu, mbona hakuna aliyegusa watu wa chini?

Mwaka 1996 watetezi wa wafanyakazi kutoka Marekani walionyesha jinsi nguo zenye picha za Disney zilivyoshonwa Haiti na makandarasi waliolipa takriban senti 28 kwa saa. Mwaka uliofuata ndio bosi akavuna hiyo nusu bilioni mnayoibishania. Mkiweka namba hizo mbili mezani, Ovitz anakuwa jambo dogo.

Halafu kuna habari. Disney ikishaimiliki ABC, inamiliki pia chumba cha habari. Mwaka 1998 ABC iliweka kando ripoti ya waandishi wake iliyoihusu Disney World. Wakubwa walisema ni uamuzi wa kihariri tu. Lakini muda si mrefu kabla ya hapo Eisner alikuwa ameshasema redioni kwamba angependelea ABC isiripoti habari za Disney. Hakuhitaji kumpigia mtu simu, kila mhariri alishasikia.

Mwaka huohuo Bunge la Marekani likaongeza miaka 20 kwenye muda wa hakimiliki, Disney ikiwa kati ya walioshawishi kwa nguvu. Katuni ya kwanza ya Mickey Mouse kutolewa kwa umma kwenye majumba ya sinema, ya mwaka 1928, ikabaki kifungoni hadi Januari 2024. Kampuni iliyotajirika kwa hadithi za zamani zisizo na mwenyewe ikafunga mlango nyuma yake.

Mleta mada:
Mchangiaji wa 7, umenishika. Nilileta mada ya uadilifu nikaishia kuwatetea wanahisa peke yao. La Haiti lilitakiwa liwe kwenye andiko langu la kwanza, wala sina udhuru. Na Mchangiaji wa 6, kwa Euro Disney nakubali: Wells hakuwa breki niliyodhani. Huenda alikuwa tu mtu wa kusuluhisha watu wasigombane, na hilo nalo lina thamani yake, ila si hoja niliyoijenga.

Kwa bodi bado sisogei. Mchangiaji wa 2 anaitaja bodi ya Februari 2004. Angalia Machi 2004 kule Philadelphia, kwenye mkutano wa wanahisa. Eisner hakuwa na mpinzani kwenye karatasi, mtu angeweza tu kumpa kura au kumnyima. Asilimia 43 wakamnyima. Jioni hiyo bodi ikamvua uenyekiti, ikamwachia kazi ya mtendaji mkuu. Miaka karibu 20 ndipo wakatamka "hapana" ya kwanza, na iliwabidi wasukumwe na kura.

Mchangiaji wa 4:
Tena hata hiyo "hapana" ilikuwa nusu. Uenyekiti ulipewa George Mitchell, seneta mstaafu, aliyekuwa kwenye bodi tangu 1995 na aliyewahi kulipwa na Disney ada za ushauri. Siku ileile karibu robo ya kura zilimnyima na yeye. Walimtoa mfalme wakamweka waziri wake.

Mchangiaji wa 2:
Sawa, sasa nijibuni moja. Bob Iger, aliyempokea Eisner 2005, akapatana na Roy, na mwaka 2006 akainunua Pixar kwa dola bilioni 7.4, alitoka wapi? Aliingia Disney na ABC, ununuzi wa Eisner. Aliyempandisha kuwa namba mbili mwaka 2000 ni Eisner. Aliyemsimamia arithi kiti ni Eisner. Mnampa Iger sifa zote za kutibu majeraha, halafu aliyemlea daktari hapati hata moja?

Mleta mada:
Hilo la Iger sina jibu la haraka. Nimeliandika pembeni. Ila tafadhali asiambiwe rafiki yangu, atanitambia mwezi mzima.