Naomba ushauri: natafuta kikundi cha wanaoacha pombe, Mtwara

Wakuu, habari zenu. Mimi ni baba wa watoto wawili, niko Mtwara mjini. Nilianza na uraka, ile pombe ya mabibo (tunda la mkorosho), shambani kwa babu, Newala, nikahamia gongo. Viroba, zile pombe kali za vipakiti, vilipopigwa marufuku 2017 nikajidanganya nitaacha. Wapi!

Leo ni siku ya 19 sijagusa. Mwanzoni nilikata ghafla, kesho yake mikono ikatetemeka hadi chai ikaishia kwenye kitambaa cha meza, binti yangu ananiangalia tu. Daktari alinigombeza: mnywaji wa miaka mingi akikata ghafla anaweza kupata degedege. Akanipa dawa, nashukuru.

Sasa dawa zimeisha, na jioni ndiyo shughuli. Shemeji yangu wa Nairobi anahudhuria vikao vya AA (Alcoholics Anonymous), vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, vile vilivyoanzia Marekani 1935. Anasema hakuna ada, mnatajana jina la kwanza tu, na sharti ni moja: uwe unataka kuacha.

Kuna anayejua kikao cha namna hiyo hapa mjini, Mikindani, au hata Lindi? Nauli nitajibana. Siku ya kwanza ni lazima uongee, au unaweza kukaa kimya? Na siri inatunzwa kweli? Mji wetu mnaujua, ukikohoa Shangani, Chikongola wanakupa pole.

Kama hakuna, tukiwa watatu wanne tunaweza kuanzisha wenyewe? Msimu wa korosho unakaribia, na mabibo yakianza kudondoka sijiamini hata kidogo. Aliye tayari aniandikie inbox.