Meli ya mwanangu ikipita kwenye barafu, iko chini ya sheria ya nani?

Mama wa Kisauni:
Assalamu alaykum nyote. Mwanangu wa pili ni baharia wa staha, ana miaka 26. Wiki iliyopita wakala mmoja wa hapa mjini alimwita, kuna meli ya mizigo itapakia Murmansk, Urusi, iende China kwa njia ya juu kule kaskazini mwa Siberia badala ya kupita Suez. Mkataba ni wa miezi tisa. Wakala anataka shilingi 85,000, ati ni za cheti cha maji ya barafu na za kumshikia nafasi.

Pesa tutazitafuta. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Jana baada ya isha kakake alitandaza ramani mezani akanionyesha. Urusi yasema milango ya bahari ya njia ile ni yake, Marekani yasema iko wazi kwa kila meli. Ukija upande wa Kanada, mabishano ni yale yale. Sasa mwanangu akizuiwa huko nimlilie nani? Naomba anayejua anieleze kwa lugha ya nyumbani.

Serahangi Mstaafu:
Waalaykumu salaam, mama. Nimekaa baharini miaka 31, mwisho nikiwa serahangi, sasa niko zangu Likoni. Murmansk nimefika mara mbili, zote Februari.

Nianze na pesa, kwa sababu hilo halingoji. Usitoe hata senti. Kanuni za meli zinazopita maji ya ncha za dunia zilianza kazi tarehe 1 Januari 2017, na mafunzo ya lazima yenye cheti ni ya nahodha na maofisa wa staha. Baharia kama mwanao huelekezwa melini. Na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza kumtoza baharia pesa za kutafutiwa kazi. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari anaweza kujilipia. Hiyo ya "kumshikia nafasi" ni haramu, mwambie wakala hivyo hivyo.

Tuje kwa sheria. Jambo la kwanza ni bendera ya meli. Inayopeperusha ya Panama iko chini ya sheria ya Panama, hata kama mwenye meli ni Mgiriki na wapishi ni Wafilipino. Ikiingia ndani ya maili 12 za nchi yoyote, inaifuata na nchi hiyo pia, ila ina haki ya kupita kwa amani. Kutoka hapo mpaka maili 200 mwenye pwani ana samaki na vilivyo chini ya bahari, lakini meli za nchi zote zina uhuru wa kupita.

Kwenye barafu ndipo mambo hubadilika. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 una Ibara ya 234. Mahali ambapo barafu hufunika bahari sehemu kubwa ya mwaka, nchi ya pwani inaweza kuweka kanuni zake za kuzuia uchafuzi mpaka mwisho wa maili 200, mradi isibague. Hiyo ndiyo Urusi inayoishikilia inapodai kila meli iombe kibali mapema. Na barafu inazidi kupungua miaka inavyokwenda, mama. Siku ikiwa haifuniki tena sehemu kubwa ya mwaka, amri hiyo itasimama juu ya nini? Mawakili wa dola kubwa wanagombana juu ya swali hilo hilo.

Kanada na Marekani wamevutana juu ya njia ya kaskazini mwa Kanada tangu 1969, ilipopita huko meli ya mafuta ya Marekani, Manhattan. 1985 ikapita ya kuvunja barafu ya Marekani, Polar Sea, bila kuomba ruhusa, Wakanada wakakasirika. 1988 wakakubaliana kwamba meli za kuvunja barafu za Marekani zitaomba idhini, na kila mmoja abaki na msimamo wake. Kwa hiyo mizozo ipo, lakini mwenye meli ya mizigo huomba kibali, maana bila kibali bima hataipata. Mwanao hatakamatwa kwa ugomvi wa ramani.

Mimi nahofia baridi. Bandari ya Murmansk haigandi, mkondo wa maji ya uvuguvugu wafika mpaka pale. Ukitoka nje, wimbi likirusha maji yanaganda juu ya vyuma vya staha. Tulipewa nyundo za mbao, tukapokezana usiku kucha kuigonga barafu itoke kwenye reli na winchi, kwa sababu uzito ukizidi juu meli hupinduka. Mwenzangu alishika mnyororo bila glavu, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Mnunulie glavu nzuri, mbili mbili.

Wakili wa Tudor:
Mzee amesema vyema. Niongeze tu kwamba hizo maili 200 zina mkono wetu. Ni Mkenya, Frank Njenga, aliyeleta wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari kwenye mkutano wa wanasheria wa Asia na Afrika huko Colombo, 1971. Leo Urusi, Norwei na Kanada wanasimama juu yake. Sisi wenyewe 2021 tulichorewa mpaka wa bahari na mahakama ya The Hague katika kesi ya Somalia, na mahakama hiyo tulishaikataa kabla mpaka haujachorwa. Bado inaniuma.

Chini ya Ncha ya Kaskazini yenyewe ndiko vita vya karatasi viliko. 2007 Warusi walisimika bendera ya titani kwenye sakafu, zaidi ya mita 4,000 chini. Kisheria haina uzito. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mipaka ya sakafu ya bahari inaangalia vipimo vya kisayansi vya sakafu hiyo, na Urusi, Denmark na Kanada wote wamepeleka madai yanayopandana.

Mvuvi wa Mtongwe:
Mimi la samaki. Wale wakubwa wamekubaliana 2018 kutovua kibiashara katikati ya bahari ya Aktiki kwa miaka 16, na hapo hakuna aliyekuwa ameanza kuvua. Wamefunga mlango mapema. Kwetu meli kubwa zimeshapita na nyavu zao, mimi natoka saa kumi alfajiri narudi na vibua vya kitoweo.

Mama wa Kisauni:
Mungu awalipe. Nimemwambia asitoe pesa, na kesho aende kwa wakala aulize mambo mawili, meli inapeperusha bendera gani, na kibali cha Warusi kimeshatoka au bado. Glavu nitazitafuta Marikiti.