Zahanati ya watu watatu inajiandaaje na mlipuko?

MuuguziZamu
Habari za humu ndani. Nasimamia zahanati ndogo, watumishi watatu nikiwemo mimi. Nimetakiwa kuandika mpango wa kujiandaa na milipuko ya magonjwa, nikapewa fomu ya kurasa 12: kamati ya dharura, chumba cha kutengea wagonjwa, gari la wagonjwa. Gari hatuna. Chumba cha ziada ni kimoja, nacho ndicho cha kujifungulia. Mwaka jana nilijaza fomu kama hii, ikaishia kabatini. Mwezi uliofuata akaja mama na mtoto wa surua, wakakaa benchi moja na wajawazito karibu saa nzima kabla hatujawaona. Bado linaniuma. Bila fungu lolote, ninyi mngeanza na nini?

Kalamu_Nyekundu
Anza na daftari la wagonjwa wa nje, dada. Nimefanya ufuatiliaji wa magonjwa miaka mingi, na mlipuko mara nyingi huwa umeshaandikwa mle kabla mtu hajautambua. Ebola ilianza Guinea Desemba 2013, ikathibitishwa Machi 2014. Kwa miezi hiyo yote wagonjwa walikuwa wakihudumiwa kwa kudhaniwa wana magonjwa mengine. Hadi inaisha 2016, watu zaidi ya 28,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 11,000 wamefariki.

Kila Ijumaa jioni shika rula, teremka mstari kwa mstari: kuhara majimaji, homa yenye vipele. Hesabu, weka nukta kwenye karatasi ya ukutani. Baada ya miezi mitatu utaijua kawaida yenu. Usipoijua, utajuaje kwamba imezidi? Ila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla hasubiri Ijumaa, huenda ni polio. Toa taarifa siku hiyohiyo, chukua sampuli mbili za choo zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee.

MtunzaStoo
Daftari halizuii damu, jamani. Kwenye Ebola hiyohiyo wahudumu wa afya zaidi ya 800 waliambukizwa. Tenga boksi la glavu, liandike tarehe, likikaribia kuisha muda litumike na jipya likae mahali pake. Klorini asilimia 0.5 ni ya sakafu na vifaa, 0.05 ya mikono. Changanya kila asubuhi, ya jana imeshapoteza nguvu. Na muweke alama kwenye ndoo! Nimewahi kukuta watu wananawa ile ya sakafu.

MpitaNyumba
Naona hakuna aliyewagusa watu wenyewe. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kipindupindu kilipoingia kwetu yalikuja magari na vipaza sauti, watu wakafunga milango. Aliyenionyesha nyumba yenye wagonjwa ni mama mmoja kisimani, kwa kunong'ona, huku akijifanya anasuuza ndoo. Kwa nini mimi? Kwa sababu miezi kadhaa nyuma mwanaye aliharisha, nikakaa naye kumfundisha kumpa maji ya chumvichumvi kijiko kwa kijiko, na kesho yake nikarudi kumjulia hali. Hakukuwa na mlipuko wowote wakati huo. Muuguzi, namba za wahudumu wako wa jamii unazo kwenye simu? Wao wanayo yako?

MuuguziZamu
Ninazo mbili kati ya tano. Nitazitafuta.

Nimefanya ya rula jioni hii, wiki nane nyuma. Aibu tupu: mistari 31 imeandikwa "homa" basi, bila kingine, na mingi ni mwandiko wangu. Nilitaka kumlaumu mwenzangu, nikafunga mdomo. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu nina kazi ya kujifunza upya kuandika. Benchi la pili nimelihamishia nje, chini ya paa la upande. Sasa bango la mlangoni niandike nini ili mtu mwenye mtoto mgongoni aelewe asiingie?

Kalamu_Nyekundu
"Homa na vipele? Usiingie. Gonga dirisha hili." Chora na mtoto mwenye vipele, wapo wasiosoma.

MtunzaStoo
Na dirishani awepo mtu.