Tupeane uzoefu: Valle d'Itria ya Italia au Mani ya Ugiriki kwa mapumziko ya kimya?

BintiMuheza (Köln)
Habari zenu wadau. Mama yangu anakuja Ujerumani kunitembelea, na katikati ya Septemba nina likizo ya siku nane. Nataka nimpeleke kusini, shambani, siyo mjini. Ana miaka 68, amelima machungwa maisha yake yote, goti la kulia linamsumbua na kelele hazitaki kabisa. Nimebaki na sehemu mbili: Valle d'Itria kule Puglia, kwenye zile nyumba za mawe zenye paa la msonge, na Mani, kusini kabisa mwa Peloponnese. Viza yake ni ya Schengen, kwa hiyo kote tunaingia. Waliofika naomba mseme mliyoyaona kwa macho yenu, hasa usafiri na kutembea.

Baba Pacha (Antwerp)
Dada, mpe mama shikamoo yangu. Sisi tulikwenda Puglia mwezi wa tano, tukashukia Bari. Gari hatukukodi. Treni ya Sud Est ilitupeleka Alberobello, Locorotondo na Martina Franca, lakini Jumapili hatukupata hata moja, tukashinda tulipofikia. Alberobello imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1996, na mabasi ya watalii yakishamwaga watu saa nne asubuhi hakuna kimya tena. Nendeni jioni, mlale mashambani kati ya Locorotondo na Cisternino. Hapo ni kuta za mawe, udongo mwekundu, mizabibu na mizeituni basi.

Mwenye nyumba alituambia trulli, yaani hizo nyumba za paa la msonge, zilijengwa bila chokaa ili zibomolewe upesi mkaguzi wa kodi akija, kisha zisimamishwe tena. Wazee wa kule wanaipenda sana hadithi hiyo. Uliza mapema kitanda kiko wapi: nyingine wameweka cha juu, unapanda ngazi nyembamba ya mbao. Kwa goti la mama hapana.

Mkamba wa Manchester
Mimi ni wa Mani na sitaficha. Tulishukia Kalamata tukakodi gari. Hadi Kardamyli ni kama kilomita 35, lakini barabara inajipinda milimani, ikachukua karibu saa nzima. Upande mmoja mlima Taygetos, unaozidi mita 2,400, upande wa pili bahari. Ukipita Areopoli miti inapungua, yanabaki mawe na minara. Koo zilikuwa zikipigana visasi, kila ukoo na mnara wake. Vathia tulifika saa kumi jioni, tukasikia kengele za mbuzi tu. Sijawahi kuona kimya kama kile popote Ulaya.

Lakini nikueleze ukweli, dada. Mama mkwe tulikuwa naye. Fukwe nyingi ni kokoto, vijiji ni ngazi na mawe yanayoteleza, na njia ya kwenda mnara wa taa wa Tainaro haina kivuli. Mara tatu alibaki kwenye gari akitusubiri, na hilo linaniuma mpaka leo. Alichofurahia ni mapango ya Diros, kwa sababu sehemu kubwa unapita umekaa kwenye mtumbwi, na lalagia, unga unaokaangwa kwa mafuta ya zeituni. Alisema ni ndugu wa mahamri.

Sista Wodi (Stuttgart)
Mkichagua Puglia na gari, angalieni alama za ZTL, yaani eneo ambalo gari lisilo na kibali haliruhusiwi, mkikaribia mji mkongwe. Niliingia bila kujua, kamera ikanipiga, na barua ya faini ikanifuata Ujerumani miezi baadaye. Maduka yanafungwa mchana, kama saa saba hadi saa kumi na moja, kwa hiyo nunueni maji na mkate mapema. Kama hamli nguruwe, ulizeni kila mara: bombette za Cisternino na capocollo ya Martina Franca ni nguruwe. Mimi niliishi kwa fave e cicoria, maharage makavu yaliyopondwa na mboga chungu, na orecchiette, tambi za kule.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mama ni mkulima. Msishuke hadi Lecce bila kumwandaa. Bakteria wa Xylella aligunduliwa Salento, eneo hilo la Lecce, mwaka 2013, na mizeituni kwa mamilioni imekauka. Nilipita kwenye mashamba yale nikakumbuka minazi yetu ya pwani ilivyonyong'onyea, shina limesimama na kichwa hakuna. Mzee mmoja alinionyesha mzeituni aliopewa na babu yake. Aliugusa tu, hakusema kitu.

BintiMuheza (Köln)
Asanteni sana, nyote. Mkamba, hilo la mama mkwe kubaki garini ndilo limenikata maneno. Mani nitakwenda mwenyewe siku nyingine.

Jana nilimpigia mama nikamsomea yote. Akaniuliza swali moja tu: Septemba wanavuna nini huko? Nikamwambia zeituni bado, ni Oktoba na Novemba, lakini zabibu ndiyo wakati wake. Akanyamaza kidogo, akasema basi twende kwenye zabibu. Nimepata chumba cha chini, hakina ngazi, kwenye shamba karibu na Locorotondo. Leo nimemwandikia mwenye shamba kumuuliza kama mgeni anaruhusiwa kushika kikapu.